Kanda Iliyosahaulika Ndani ya Deki

Deki za video pale dukani zilikuwa mbili, na Kahonzi alishindwa kuchagua. Mwenye duka akawasha ile kuukuu, kumbe ndani mlikuwa na kanda. Harusi ikatokea kwenye televisheni.

Mwanamume mwenye suti nyeupe aligeuka akacheka. Mkono wake wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho.

Kahonzi aliugusa uso ule. Kioo kilikuwa na joto, na vinyweleo vya mkono wake vikasimama.

"Hii ya lini?"

"Niliipiga mwenyewe Jumamosi, mama, huko Ngomeni. Huyo ndiye bwana harusi."

Miaka mitatu nyuma Kahonzi alimzika mumewe huyo huyo kule Tezo. Jeneza lilikuja limepigiliwa misumari, wakakatazwa kulifungua.

"Chukua hii mpya, mama. Picha yake safi."

"Nifungie hiyo kuukuu," alisema, "na kanda yake."