Mikeka Miwili

Ndugu wa baba yake Zuleica walikaa mkeka mmoja, wa mama mkeka mwingine, kila upande na mchele wake. Kwao, upande ulikotoka ugonjwa ndio unaopika sadaka ya kumwombea mgonjwa.

Zuleica alikwenda mjini Palma kupimwa ili apate kazi kwenye mradi wa gesi, akarudi na saratani ya damu ambayo daktari mwenyewe alikuwa akiisoma vitabuni tu.

"Haya, mwanangu, ya kwetu au ya kwa mama yako?" shangazi akauliza.

"Daktari kasema damu yangu ina kasoro mbili, shangazi. Moja peke yake isingenidhuru. Zimekutana."

"Zimetoka kwa nani?"

"Si kwa baba, si kwa mama. Zimeanzia kwangu mwenyewe."

Shangazi akaanza kuufunga mchele kwenye kanga. Zuleica akabaki mlangoni, viatu mkononi, hajui akae mkeka upi.