Nguchiro na Spea za Zamani

Enzi wanyama walipokuwa na magari yao, Nguchiro, ambaye hapiti tundu bila kuchungulia, alipeleka gari lake sevisi kubwa kwa Fundi Nyegere. Nyegere akajaza karatasi: plagi, filta, mkanda, oili, vyote vipya. Jumla laki sita.

“Sawa, fundi,” alisema Nguchiro. “Ila vya zamani usitupe. Nataka nikavichunguze nyumbani, nijue vinachakaaje.”

“Vyote?”

“Vyote.”

Nyegere alijikuna kichwa, akafungua boneti, akainama tena. “Kumbe plagi bado nzima, dada. Hata mkanda.” Akakata mistari miwili, ikabaki laki tatu.

Nguchiro alimtazama kwa mshangao. “Basi oili chafu nitilie kwenye dumu.”

Nyegere akaguna, akachukua kalamu, akakata na oili.