Ukuta wa Shemeji

Mkaguzi wa majengo alipinda kiganja kidogo tu, kama mtu anayemimina chai, na ukuta uliokuwa umeinama ukasimama wima kwenye kioo cha simu. Akabonyeza. Picha ikaenda ofisini papo hapo.

Hiyo programu mpya ya kamera walipewa wiki ileile. Ukibonyeza imekwenda, hakuna kuitazama tena. Mengine yake hakuyajua, kwa sababu siku ya mafunzo alikunywa chai ya mapumziko akatorokea mlango wa nyuma. Mambo ya simu, alijiambia, nifundishwe nini mimi?

"Nimekufichia, shemeji," alisema. "Lakini Jumatatu watoto wanaingia humu."

"Kesho mafundi wanaanza," akajibu shemeji, mwenye jengo. "Haki ya Mungu."

Ukuta kama ule haurekebishwi kwa siku mbili, na wote wawili walilijua hilo. Lakini huyu ndiye aliyemwoa dada yake, ndiye aliyemsomesha mpaka akapata kazi hii. Dakika chache kabla alikuwa amempigia magoti kwenye vumbi la saruji, mtu mzima na mvi zake. Nani angekataa? Labda wewe.

Jumamosi mkaguzi hakula. Chumba kile ndicho cha kulala watoto wa chekechea mchana, mikeka arobaini, na safu ya mwisho inagusa ukuta. Kila alipofumba macho aliiona ile mikeka. Jumapili simu ya shemeji iliita mara sita. Hakuipokea hata mara moja; hakuwa na uso wa kupokea shukrani kwa jambo kama lile.

Roho ilimsuta mpaka alfajiri ya Jumatatu, akaamka, akaandika kila kitu kwenye karatasi moja. Kazi iende, undugu uvunjike, lakini watoto wasiingie. Saa moja kasoro alikuwa mlangoni kwa mkuu wake, karatasi mkononi.

Mkuu hakumpa nafasi ya kusema. Alimkalisha, akamgeuzia kompyuta. Picha ya Ijumaa ilikuwa pale, na ukuta ndani yake umelala kiasi kwamba hata asiye fundi angeshtuka.

"Mkono wako ulipinda kidogo," mkuu alisema. "Bahati nzuri programu hii inahisi simu imeinama vipi, halafu inainyoosha picha yenyewe kabla ya kuituma. Kwa kamera ya zamani tungeuona umesimama sawasawa. Nimelifunga jengo tangu juzi, watoto wamehamishwa."

Mkaguzi alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani. Machozi yalimlenga. Watoto wamepona, na hilo ndilo alilolitaka. Akanyoosha mkono kumpa mkuu ile karatasi, ayamalize.

Mkuu aliushika mkono huo akauminya kwa mikono yake miwili, karatasi ikakunjamana katikati.

"Shemeji yako alikuja nyumbani kwangu jana, na dada yako analia. Anaapa kwamba ulimwahidi kumfichia," alisema, akacheka. "Nikawatoa nje wote wawili. Nikawaambia mkaguzi wangu namjua, na njia ya mwongo ni fupi."