Kasi ya Watu Watano

Siku hizi kasi ya mtandao hugawiwa kwa vichwa. Ruta ya nyumba huhesabu joto la miili, familia kubwa ikapewa ya kumwaga na mtu mmoja ya kulamba. Lusekelo wa Mbeya anaishi peke yake. Kila Jumamosi mchana hucheza gemu ya mpira na Kibwana wa Tanga, mtu pekee wa kupiga naye stori, na kila mara picha huganda akiwa golini.

"Mwanangu, unacheza au unasali?" Kibwana alimtania. "Mimi na mke na watoto watatu, kasi kama radi. Ukiganda tena leo, natafuta mwenzangu mwingine."

Basi Lusekelo akachemsha maji, akajaza madumu manne, akayavalisha masweta na kuyakalisha kwenye kochi. Lililo kubwa akalivisha kofia, kwa heshima. Ruta ikawasha taa tano.

Picha ikanyooka. Alifunga mabao mawili, akageuka kushangilia na mwenye kofia. Kumbe kasi ikitosha pande zote mbili, gemu huwasha kamera yenyewe, na hilo hawakuwahi kuliona.

Kibwana akatokea safi, hadi vishimo vya mashavuni. Nyuma yake mkewe alikaa wima, kajitanda kitenge. Juu ya kitenge kulikuwa na mdomo wa dumu la njano, unafuka mvuke.

Wakatazamana. Hakuna aliyecheka.

"Shemeji hajambo?" Lusekelo akauliza.

"Hajambo. Na wako je?"

"Wapo. Wanasema turudie mechi."