Chupa Mbili Kwenye Benchi

Kwenye benchi la hospitali, mshonaji alimimina vidonge vya mtoto wa mwenzake mapajani, akavijaza kwenye chupa ya binti yake. Vya binti akavitia kwenye chupa ya mtoto yule. Vilifanana kama maharage. Vidole vilivyozoea kutunga uzi vikafunga vifuniko upesi.

Binti alikuwa na uvimbe begani. Si saratani, daktari alisema, ila mkaidi. Ukikatwa unarudi, na sasa ulibana mishipa ya mkono. Ndiyo maana wakaingia kwenye majaribio ya dawa mpya: nusu ya vijana hupewa dawa, nusu hupewa unga ulioshindiliwa ukafanana nayo. Hata wauguzi hawakujua nani kapata nini.

Mshonaji alijua. Mtoto wa mwenzake huyo, mpishi wa shule, mwenye uvimbe kama huo pajani, alitapika mwezi mzima. Binti yake alikula, akalala, akanenepa. Dawa ya kweli haimwachi mtu hivihivi.

Na mpishi mwenyewe alikuwa mwema. Asubuhi hiyo walipokwisha kupewa chupa mpya za miezi sita, binti aliitwa kwanza kupimwa, mshonaji akaingia naye, na mpishi ndiye aliyebaki na mkoba wa mshonaji. Kisha ikafika zamu ya mwanawe.

"Na wewe nitunzie wangu, dada," alitania. "Ila usinichungulie siri zangu!"

Wizi ni wizi. Mshonaji aliona haya siku mbili tatu, kisha moyo ukafa ganzi, akaendelea kushona.

Mtoto wa mpishi akaacha kutapika, kama mshonaji alivyotarajia, ingawa daktari alisema ni mwili tu umeizoea dawa. Ajabu, uvimbe wake ukanywea hadi ukabaki kama punje ya hindi. Wa binti ukazidi kukua. Siku majaribio yalipofungwa, daktari alisema mkono utakatwa Jumatatu, kuanzia begani.

"Sawa," mshonaji aliitikia, kama aliyetajiwa kipimo cha gauni.

Mpishi alimfuata koridoni, akamshika mikono yote miwili, machozi yanamtiririka.

"Dada yangu, nisamehe. Siku ile uliponiachia mkoba, nilivibadilisha vidonge vya wanetu. Mwanangu alikuwa ananifia kwa kutapika, nikaona heri anywe unga."

Akavuta pumzi.

"Lakini angalau ujue, wako ndiye aliyekunywa dawa yenyewe."