Kenchi Nne za Upande wa Wodi

Donatus alikuwa amelaza sikio juu ya bati la moto, macho ameyafumba, anagonga kwa kifundo cha kidole. Chini, Sista Coletha alishika ngazi na kusubiri.

"Linasema nini?" aliuliza.

"Iko hapa." Donatus alichora msalaba kwa chaki. "Kenchi ya kwanza."

Alisema kwa sauti ya daktari bingwa. Tangu asubuhi alikuwa amemweleza Sista mara tatu kwamba misumari ya bati huonyesha zilipo papi, vile vibao vyembamba vya juu, na wala si kenchi zenyewe, mbao nene zinazobeba paa zima. Ukifunga paneli ya sola kwenye papi tu, upepo wa mvua za kwanza unaondoka nayo. Mara ya tatu alichanganya na Kiingereza, ingawa hakuna aliyemwomba.

Mwaka ulikuwa 1997, na zahanati hiyo ya misheni ilikuwa mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka Nyarugusu. Paneli nne na friji ya chanjo vilikuwa vimeshushwa kwenye lori. Chanjo zenyewe zingefika Alhamisi ndani ya maboksi ya barafu, na barafu haimsubiri fundi. Sista, aliyehamia hapo mwaka uliotangulia, alikuwa amemwandikia barua Mihir, mwajiri wa Donatus mwenye duka la vifaa vya umeme Shinyanga mjini, akimtaka Donatus kwa jina. Donatus aliisoma barua ile mara nyingi kuliko alivyowahi kuisoma Injili. Moyo ulimwambia asiende, lakini sifa zikamzidi nguvu.

Sifa ndizo zilikuwa ugonjwa wake. Tangu enzi za useremala, kila alichokipigilia alikiandika kwa penseli: D. Maganga, na mwaka. Hata banda la kuku la mama yake lilikuwa na sahihi.

Ugonjwa wa pili ulikuwa mdomo. Asubuhi hiyo, kwenye chai, alimsimulia Sista kichekesho chake cha siku zote.

"Mchimbaji mjinga kuliko wote waliopita Nyarugusu ni mimi, Sista. Mwaka wa themanini na tisa niliacha useremala nikachimbe duara langu la dhahabu. Wenzangu walizuia kuta za shimo kwa miti ya porini. Mimi nikaweka mbao zilizopigwa randa, futi kumi na mbili kila moja! Miezi mitano sikupata hata vumbi la kuziba jino. Maji yakajaa. Lakini duara halikubomoka, na mpaka leo watu wanakwenda kulishangaa."

Sista alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. "Mbao nzuri hivyo ulizitoa wapi?"

"Ah, zilikuwepo tu," Donatus alisema, akaomba chai nyingine.

Sasa alikuwa amemaliza upande wa jikoni. Kila futi nne kenchi, kila kenchi msalaba, safi kabisa.

"Si ungeingia tu darini na tochi, ukazione kwa macho?" Sista aliuliza.

"Darini? Fundi wa kuchungulia! Watanicheka mpaka Geita."

"Haya. Lakini upande huo una kivuli cha ule mkaratusi. Ikifika saa saba friji itazima, na chanjo zitaharibika. Paneli zikae upande wa wodi, kwenye jua."

Donatus aliutazama upande wa wodi. Hakuukaribia. Chini ya mabati yale kulikuwa na vitanda sita vya akina mama, na kitoto kilichozaliwa alfajiri kilikuwa kinalia. Paneli nne na vyuma vyake zilikuwa na uzito wa karibu gunia la mahindi. Aliliona gunia hilo likishuka pamoja na siling bodi.

"Upande huo haufai," alisema. "Kenchi zimeliwa na mchwa."

"Hujagonga."

"Nasikia kutoka hapa hapa."

"Wamekula ngapi?"

"Nne." Ilimtoka upesi mno, akaona aizibe kwa maneno zaidi. "Aliyeezeka hapa alikuwa mwizi, Sista, na mpumbavu juu yake! Miaka minane wagonjwa wanalala chini ya papi tupu!"

"Ni mwizi, au ni mchwa?"

"Wote," Donatus alisema, na hasira ile ilikuwa ya kweli.

Alishuka polepole. Aliona haya. Angeweza kufunga paneli upande wa kivuli, akachukua baiskeli yake na kuondoka, na friji ikifa wangelaumu mkaratusi. Kitoto kililia tena.

"Nipe siku mbili, Sista," alisema akiangalia chini. "Nitatafuta mbao nipige kenchi upya. Kazi hiyo nitaifanya bure. Alhamisi friji itakuwa inanguruma."

Sista Coletha hakushangaa, wala hakushukuru. Alitoa ufunguo mfukoni, akafungua stoo. Mbao nne zilizopigwa randa zilikuwa zimeegemezwa ukutani, na tochi imewekwa juu ya kopo la misumari.

"Futi kumi na mbili kila moja," alisema, akimkabidhi tochi. "Safari hii zisipitie Nyarugusu. Na ukimaliza uandike jina, Fundi, kama ulivyoandika kwenye zile ulizotubakishia darini."