Masharti Mawili ya Mzee Khisa

Wandera alivua suruali, akaivaa, akaivua tena.

"Kaka, ukiivaa tena naita mwingine," alisema Seline, muuguzi wa kliniki ndogo ya Huruma.

Mapenzi haya! Wandera alikuwa fundi wa baiskeli, mtu wa Busia, na kwao tohara haikuwa desturi. Lakini alimpenda Maximilla hadi usingizi ukamhama, na Maximilla alikuwa na baba.

Mzee Khisa, aliyekulia Moiben kwenye shamba la mzungu, mbali na watu wake, aliijua mila ya tohara ya kwao kuliko waliokulia ndani yake. Sharti lake la kwanza: bintiye haolewi na mwanamume ambaye hajatahiriwa.

"Redio imesema huu ugonjwa mpya, huu Ukimwi, unawashika hao haraka," alimwambia Wandera siku ya Jumapili, akikoroga chai. "Na usiende kwa wale wa kisu kimoja watu kumi. Enda kliniki, kila mtu na wembe yake. Nimeulizia kila kitu."

Wandera aliguswa. Mzee kumhangaikia hivyo!

Sharti la pili halikumhusu. Mwaka jana Mzee Khisa alivunja uchumba wa jirani, kisa bwana harusi na baba mkwe walitahiriwa siku moja. "Hao ni rika!" alifoka. "Binti ya mmoja ni binti ya mwingine. Hapo hakuna ndoa!" Bibi harusi alilia wiki nzima, mzee hakulegea.

Basi Wandera akafumba macho, na kazi ikaisha.

"Hatari imepungua, haijaisha," Seline alimwonya akimfunga leso kiunoni. "Tulia na huyo Maximilla wako."

"Ni yeye tu, dada."

Alimwongoza, miguu imeachana, hadi chumba cha kupumzikia. Kwenye kitanda cha pili mtu alikuwa amejifunika blanketi gubigubi, akiguna kwa maumivu.

"Huyo amekutangulia asubuhi hii," alisema Seline, akaondoka.

Moyo wa Wandera ulichangamka. Kumbe hakuwa peke yake!

"Pole, rika yangu," alisema. "Mimi naitwa Wandera."

Mguno ulikatika. Blanketi likashuka polepole hadi kwenye ndevu zenye mvi.

"Sikia, kijana," alinong'ona Mzee Khisa. "Mimi nilitahiriwa jana."